Pilau Iliyokwama Kileleshwa

Jumamosi, Julai 2006. Baridi, mawingu tangu asubuhi, na manyunyu yasiyojua kama yanataka kuwa mvua. Nanuka vitunguu hadi kwenye nywele, miguu inaniuma, na nina furaha tele. Nimeingia hapa cyber ya intaneti, Dagoretti Corner, niiandike habari hii kabla haijapoa.

Nianze mwanzo, maana nikianzia mwisho nitacheka peke yangu na watu humu ndani watanitazama.

Rafiki yangu Njeri, tunayeimba naye kwaya, leo alikuwa na ruracio ya binti yake nyumbani kwake Spring Valley. Yaani ile siku wakwe wanakuja kuzungumza mahari. Wakwe wenyewe ni Wakamba, wametoka Machakos. Kwetu wageni hula kwanza, ndipo wazee wanaingia chumbani kuzungumza. Chakula kisipokuwepo, hakuna kikao.

Na chakula chote nilipewa mimi.

Dada zake Njeri walimshauri aagize kwenye hoteli. Walisema wazi kwamba mtu wa kupikia uani Riruta hawezi kulisha wakwe. Njeri akawajibu kwamba Mama Wacera, yaani mimi, ndiye atakayepika, na kama kuna aibu ataibeba yeye. Maneno hayo yaliniondolea usingizi wiki nzima. Nikiharibu, nitakuwa nimemharibia jina mbele ya dada zake na mbele ya wakwe wapya, siku moja.

Wasaidizi wangu walitangulia na sahani. Mimi nikabaki na pilau, mukimo wa viazi vya kuponda, mchuzi wa mbuzi na chapati, vyote kwenye pikapu ya marehemu baba.

Hii pikapu ni mzee. Mlango wa kushoto unafunguka kwa nje tu, na kioo chake hushuka siku kikipenda. Lakini haijawahi kunilaza njiani, na sababu naijua: kila asubuhi, hata Jumamosi, mume wangu huamka gizani, akatoka na sweta lake lile la kijani, akanipashia injini moto kabla ya kwenda kazini mjini. Jambo hili nimejisifia sana. Kwenye kikundi cha akina mama kanisani nimelisema mpaka wengine wamegombana na waume zao kwa ajili yake.

Leo, pale Kileleshwa kabla ya mzunguko, gari dogo likanikatia mbele. Nikakanyaga breki. Kapu la miiko lililokuwa kwenye kiti cha abiria likarushwa mbele, likagonga chini ya dashibodi, sufuria huko nyuma zikagongana, na pikapu ikazima.

Nikawasha. Inazunguka, haishiki. Nikawasha tena. Inazunguka, haishiki.

Askari wa fleti zilizo karibu akatoka kuniangalia, akaniitia fundi anayemjua. Akaja mtu mzima mmoja na mfuko wa spana, anaitwa Musyoka. Alifungua boneti, akanusa nusa, kisha kabla ya kugusa chochote akaniuliza:

"Mama, hii gari hamjaiwekea swichi ya kuficha? Ile ya wezi?"

Wengi wanaziweka siku hizi. Pikapu zinaibiwa hadi ndani ya ploti, kwa hivyo mtu anaweka swichi mahali pa siri ya kukata moto wa injini, mwizi awashe mpaka achoke.

"Haina," nikamjibu. "Hii ni gari ya baba yangu. Naijua vizuri."

Akaniamini, maskini. Akaanza kufungua. Akatoa plagi, akafungua kile kifuniko cha nyaya, akavipanga vitu juu ya gunia mpaka pikapu ikaonekana imefanyiwa operesheni. Mwishowe akasema moto haufiki kwenye plagi, huenda koili imeungua, na ya kununua iko Kirinyaga Road. Aende mjini na arudi. Jumamosi. Na Njeri amenipigia simu sasa hivi kwamba wageni wamefika Westlands, wanafungana leso wakijiandaa kuja.

"Wageni wa wapi?" Musyoka akaniuliza.

"Machakos."

"Aii! Si hao ni watu wetu! Mama, hao hawawezi kukaa njaa nikiwa hapa." Akarudi kwenye injini, kichwa chote ndani.

Nilikaa ukingoni mwa barabara nikalia. Kidogo tu, lakini nililia. Nilimwona Njeri amesimama mlangoni na gauni lake jipya, dada zake nyuma yake wamekaa kimya kile cha kusema tulikwambia. Na nyuma yangu pilau inapumua mvuke chini ya leso, haijui chochote.

Kisha nikampigia mume wangu. Anauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi, River Road, na Jumamosi duka huwa limejaa. Nilitaka tu kusikia sauti yake nimwambie pikapu imekufa.

"Imezima yenyewe?" akauliza. "Ama kuna kitu kimegonga?"

"Kapu limegonga mbele. Sasa kapu linahusiana na nini?"

Namsikia mtu akiitisha misumari.

"Uko na nani hapo?"

"Na fundi."

"Mwambie asonge kando."

"Asonge kwa nini? Amefungua kila kitu!"

"Mama Wacera. Asonge kwanza."

Nikamwomba Musyoka asogee. Akaenda mpaka kwenye ua wa fleti na grisi mikononi, amekasirika. "Nimeshika injini yako yote, sasa unanificha nini?" Mume wangu alikuwa amepunguza sauti mpaka nikaziba sikio la pili ili nimsikie.

"Weka mkono chini ya dashibodi, upande wa abiria, nyuma ya ile kapeti. Kuna kaswichi. Bonyeza juu. Na usimwonyeshe huyo mtu."

Nililala kifudifudi kwenye kiti, miguu nje, nguo yangu ya heshima ikilowa manyunyu. Nikapapasa. Kaswichi kalikuwepo. Kadogo tu, na kapu la miiko lilikuwa limekabonyeza chini.

Sijui niseme nini kuhusu dakika ile. Nilitaka kumbusu mume wangu na kumpiga kofi kwa wakati mmoja.

"Rudisha vitu vyote mahali pake," nikamwambia Musyoka. Akanitazama, akatazama kiti, akatazama uso wangu. Akaanza kucheka.

"Si nilikuuliza?"

Alirudisha kila kitu mbio mbio, huku anacheka. Nikawasha, ikashika mara moja. Musyoka hakungoja kukaribishwa. Alirukia nyuma, akakumbatia sufuria ya mchuzi, tukaondoka.

Sasa, kwetu wageni wa ruracio hawafunguliwi geti hivi hivi. Wanawake wa ndani wanawazuia kwa nyimbo, wa nje wanajibu kwa nyimbo, mpaka wabembeleze vya kutosha. Kawaida ni mchezo mfupi. Nilipoingia barabara ya kwao Njeri, nikakuta wageni bado wako nje, wamebanana na miamvuli, sauti zimekauka, na ndani shangazi wanaimba kwa nguvu zote kama wanaoanza. Njeri alikuwa amewaambia: msifungue mpaka nisikie pikapu ya Mama Wacera.

Alinijua kwa mlio wa injini. Alikuwa amesimama huko ndani akiningoja, hakuwa na shaka nitafika.

Nikapiga honi. Wageni wakapisha, geti likafunguliwa, na Musyoka akasimama huko nyuma na sufuria yake akiwasalimu kwa Kikamba kama mashemeji waliopoteana. Wageni wakashangilia, wakajipanga nyuma ya pilau, wakaingia wote wakicheza.

"Nani amewafungulia hao?" shangazi mkubwa akapiga kelele. "Hatujamaliza!"

Walishaingia. Njeri akanishika mikono yote miwili. Hakuwa na sauti ya kusema neno, aliimaliza getini. Dada zake walirudia pilau mara mbili, na nitaringa nayo kimyakimya. Musyoka alikula na wazee.

Nilimkuta mume wangu nyumbani, ametulia, anajifanya anasoma gazeti. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Nilitaka wezi wakikusimamisha, ukisema hujui kitu, iwe ni kweli."

Nikamwambia mawazo hayo ni ya kijinga. Gari likizima mkononi mwao kama leo, wataona naficha, na watanifanyia mabaya zaidi. Wachukue pikapu, mimi nirudi nyumbani. Hakuwa amefikiria upande huo.

"Ni kweli," akasema. "Basi utaiwasha na kuizima mwenyewe."

Ndipo likanijia lile lingine, na likaniuma. Kumbe kila asubuhi huwa haamki kunipashia injini. Huamka kwenda kuwasha swichi yake! Na mimi nimewasimulia akina mama kanisa zima. Nikamwambia hivyo, na sauti yangu haikuwa nzuri.

Akashusha gazeti.

"Swichi nikiibonyeza mara moja nimemaliza," akasema. "Hiyo saa ingine yote nikikaa humo ndani na baridi, unafikiri huwa nafanya nini?"

Nikampakulia pilau niliyomfichia, nikampa na kipande kikubwa cha nyama.

Sasa swichi naijua, na ninaweza kuiwasha mwenyewe. Lakini kesho ni Jumapili, na baridi hii haionyeshi dalili ya kuondoka. Nitalala pale pale chini ya blanketi mpaka niisikie pikapu ikinguruma uani.