Nota Ine za Ornella

Siku ya tatu, 5/6/2024

Papa Donatien, chef wa orchestre yetu ya kanisa, amenitoa ku kiti ya premier violon, mwenye anaongoza violon zote. Miaka munane nilikuwa pale! Amepatia Ornella, mwenye alitoka Kinshasa mu mwezi wa tatu tu. Ornella na vidole vyake virefu. Ornella na kicheko chake. Nilijibu: hakuna shida, Papa. Uongo!

Kisha akatuuliza: ile symphonie ya Mujerumani kiziwi, nota ine za mwanzo zinasema nini? Wazungu wanasemaka ni bahati mbaya inagonga mulango. Na sie je? Mwenye atajibu vizuri ataongea ku radio siku ya posho, mbele ya siku ya Mungu. Nikasema ni nota tu. Uongo tena.

Siku ya ine, 6/6

Ornella alinikuta nyuma ya kanisa, ninalia sababu ya kile kiti. Akanishika bega. Hata roho muzuri iko nayo! Nikamuambia kitu sijaambia mutu: kaka yangu Ezéchiel, shimo ya zahabu ya Kamituga ilimuangukia. Wenzake walimusikia anagonga jiwe siku mbili. Kisha kimya. Zile nota — ni yeye.

Maman hajue. Nilimuambia alikufa palepale.

Siku ya posho, 8/6

Ornella ku radio. Anasema: kwa sie watu wa Kivu, ni muchimbaji iko chini ya udongo, anagonga, anaomba wamutoe. Hakutaja jina. Papa Donatien alipangusa machozi. Wote wanamupongeza!

Ilikuwa yangu! Miaka mbili nimeibeba mu tumbo, yeye ameitoa kwa dakika mbili. Na amesema vizuri kuliko mie — ndiyo inaniuma.

Maman alisikiliza. Ule binti iko na roho, anasema. Aksanti Mungu, Ezéchiel wetu hakugonga. Anataka Ornella aje kula kwetu kesho.

Siku ya Mungu, 9/6

Niko mu chumba, mulango iko wazi kidogo. Maman na Ornella wako mu salon. Maman amemupatia kichwa ya samaki, anamuita "binti yangu". Mie, leo, hajaniita vile hata mara moja.

Sasa anauliza polepole: "Binti yangu, ile mambo ya kugonga, nani alikuambia?"

Ornella anaangalia mulango yangu. Sema kitu! Danganya!

Bado anaangalia huku.

"Adolphine," maman ananiita. Hapana kwa hasira. Polepole, kama mutu mwenye anajua sasa nani aligonga.