Dawa ya Kunazi ya Mama

Alhamisi, 6 Juni
Kinondo kwa Mama, kama kila Alhamisi. Nimeosha kunazi kavu, nimeziloweka, nimezichemsha na mdalasini mpaka zikapasuka. Nikachuja kwa kitambaa, nikatia asali. Ilipokaribia kuiva Mama akanituma kisimani. Kila mara kisimani! Miaka kumi na tisa nikipika naye, na mtungi umejaa.

Mwanangu Zuhura ana siku kumi na mbili tangu ajifungue. Damu mwilini imepungua. Vidonge vya hospitali anameza, chakula hataki. Anataka dawa ya bibi yake tu. Nimerudi na chupa moja.

Jumapili, 9 Juni
Chupa imekwisha. Nimepika mwenyewe hapa Msambweni.

Jumanne, 11 Juni
Imechacha. Siku mbili tu, povu juu. Ndivyo ilivyo kila nikipika peke yangu. Mama husema nina mkono wa moto. Nimemwaga yote. Zuhura alisimama akashikwa na kizunguzungu, nikamdaka. Nimelia jikoni.

Jumatano, 12 Juni
Mama Kioko, jirani wa Mama, mtu wa bara, amekuja kumwona mzazi. Kaleta dawa ya kunazi. Aliipika mwezi uliopita, anasema. Nimeonja. Haijachacha. Ni ya Mama kabisa.

"Si nyanya, mama yako, alinifundisha? Unakaanga zile kokwa, unasaga, unatia ukishaepua. Kwani wewe hukuambiwa?"

Nimesema niliambiwa. Nimedanganya mbele ya mwanangu.

Kokwa! Mimi huzitupa jalalani. Mama yangu mzazi kamwambia jirani aliyehamia juzi, mimi kanipeleka kisimani.

Alhamisi, 13 Juni
Kinondo. Nimemwamkia Mama shikamoo, adabu ni adabu, kisha nikamuuliza. Hakukana. Alikuwa akichambua mchele, hakuinua uso.

"Yule si wangu, asipokuja haniumi. Wewe ungejua, mwanangu, ungekuja kufuata nini hapa?"

Nikasema ningekuja. Akasema kaka zangu nao walisema hivyo, na hawaji.

Nimeondoka bila kuaga. Miaka yote hii nikiamini mkono wangu una kasoro. Na Zuhura anadhoofika, na Mama anajua. Simsamehe.

Alhamisi, 20 Juni
Nilipika Jumamosi, kwa kokwa za kukaanga. Mpaka leo haijachacha. Zuhura amekula wali na samaki, ameoga mwenyewe. Alhamdulillahi.

Nimeswali adhuhuri, nimekaa barazani. Kinondo sikwenda. Si hasira, hasira imepoa. Sikuwa na la kufuata.