Faili la Taya Nililodai Limeibwa

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Lewis Ngowa Gona
Umri: Miaka 61
Kazi: Mwalimu mkuu mstaafu, mwenyekiti wa bodi ya shule ya upili
Makazi: Kakuyuni, Malindi
Mahali: Ofisi ya Mkuu wa Kituo cha Polisi, Malindi
Tarehe na saa: Alhamisi, 15 Mei 2025, saa mbili na dakika ishirini asubuhi

Bwana Mkuu wa Kituo, Bwana Chifu, Mchungaji wetu, Daktari Rayhana Abdillahi, mwenye kliniki, mke wangu Linet, Koplo Owen unayeandika, nawe Kasiva Wambua, karani wa kliniki, uliyetolewa selo sasa hivi: nawasalimu nyote. Nimemwomba Bwana Mkuu aniruhusu kusema mbele yenu badala ya faraghani, kwa kuwa tuhuma niliyoitoa jana niliitoa mbele ya watu. Niliandikisha katika Kitabu cha Matukio kwamba Kasiva ameiba au ameharibu faili la matibabu ya mama mkwe wangu. Nimeambiwa kwamba saa tatu atapelekwa mahakamani. Kwa hiyo nitasema kwa mpangilio, lakini sitarefusha.

Mama mkwe wangu ni mjane wa miaka sabini na minne, mkazi wa Gede. Jina lake Koplo atalinakili kutoka kwenye pasipoti iliyo hapa mezani. Mimi silitamki.

[Jina la mgonjwa kwa mujibu wa pasipoti: Kanze Menza. – Koplo]

Sisi Wagiriama hatutaji jina la mama mkwe. Hatupeani naye mkono, hatuketi naye mkeka mmoja, na nikiwa na neno kwake, neno hilo hupitia kwa mke wangu. Nimesoma hadi chuo kikuu, nimeongoza shule tatu, na ni mzee wa kanisa. Yote hayo hayajanifungua ulimi. Binti yetu wa pili alirithi jina hilo la bibi yake kama ilivyo desturi, na tangu azaliwe sijapata kumwita kwalo. Mimi humwita kwa jina lake la ubatizo, Jedida.

Mnamo tarehe 9 Machi 2021, siku ya Jumanne, nilimpeleka mama mkwe kwenye kliniki ya meno ya Daktari Rayhana. Alikuwa na uvimbe katika taya la chini, upande wa kushoto. Kwa kawaida angepelekwa na Linet, lakini Linet alikuwa Mombasa kwenye mafunzo ya wiki mbili, na uvimbe haukuwa wa kungoja. Tulipanda gari moja, yeye kiti cha mbele, mimi cha nyuma kabisa. Kliniki aliketi kwenye benchi la dirishani, leso imefunika kichwa na nusu ya uso. Mimi nilisimama mezani pa karani. Karani alinisukumia daftari la wagonjwa, akaniambia niandike jina na umri. Niliandika. Siku hiyo alipigwa eksirei mbili, akang'olewa magego mawili, na uvimbe ukakatwa. Alipona, nasi tukashukuru.

Mwezi wa Februari mwaka huu uvimbe ulirudi. Kufikia Machi alikuwa hawezi kutafuna hata muhogo uliopondwa. Hospitali moja ya humu nchini ilikubali kumpasua na kumtengenezea taya upya, ikatutajia gharama ambayo hata tungeuza shamba na minazi yake tusingeifikia. Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye ni tabibu, alituelekeza Chennai, nchini India, kwenye hospitali ya meno na taya ambako upasuaji huo, pamoja na nauli ya mgonjwa na ya mwangalizi wake, ungetugharimu chini ya nusu. Viza zilitoka. Ndege ni Jumamosi hii, keshokutwa. Upasuaji ni Jumanne tarehe 20.

Tarehe 12 Mei daktari wa Chennai alituandikia barua pepe. Alisema hatashika kisu kabla ya kuona picha za mwaka 2021 na maelezo ya kile kilichokatwa, kwa sababu ni lazima ajue kama uvimbe huu ni ule ule uliorudi au ni mwingine, na mfupa umeliwa kiasi gani tangu hapo. Zisipofika kabla ya safari, nafasi ya mgonjwa itapewa mwingine, na nafasi itakayofuata ni ya mwezi wa Septemba. Tangu nilipoisoma barua hiyo sijaketi mahali pamoja kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai. Linet atathibitisha.

Mnamo Jumanne tarehe 13 Mei, saa tatu na nusu asubuhi, nilifika kliniki na nakala ya pasipoti. Kasiva aliniamkia vizuri. Nilimpa ile nakala, akaenda kwenye kabati la mafaili, akarudi mikono mitupu.

"Mwalimu, jina hili sina," alisema.

"Nilimleta mimi mwenyewe."

"Basi niache niangalie kule stoo, kwa mafaili ya zamani. Rudi kesho."

Nilirudi Jumatano, jana, saa nne kamili. Watu sita au saba walikuwa kwenye mabenchi. Kasiva alitoka stoo na vumbi hadi kwenye viwiko.

"Mwalimu, nimetafuta mpaka kwa mafaili ya marehemu. Hakuna. Kwani siku ile hakuandikwa jina lingine?"

Nawaomba mlisikie swali hilo vizuri, kwa sababu mimi sikulisikia. Nilimjibu hivi: "Binti, nimefundisha watoto kuandika majina yao kwa miaka thelathini na minne. Nitakoseaje la mzazi wangu?"

Mzee mmoja aliyekuwa ameshika shavu alicheka upande wa pili wa mdomo. "Mwalimu, hapa ukidai faili wanajua unahama. Na mteja hahamishwi hivi hivi."

Watu wakacheka. Kicheko kile kilinipa nguvu nisiyoistahili. Nilikuwa nimekwisha kusikia maneno ya namna hiyo nyumbani na kanisani, kwamba kliniki hukalia picha za wagonjwa ili wasizipeleke kwingine. Nikageukia mabenchi, nikasema kwa sauti ya kwenye gwaride la shule: "Wanaficha karatasi ili taya la mama yetu lisipande ndege."

Kasiva akasema, "Sasa mimi nifiche taya la mtu nikafanye nalo nini, Mwalimu? Nipikie mchuzi?"

Wakacheka tena, na safari hii walikuwa upande wake. Hapo ndipo nilipomwita mwizi. Sitaki kusema ilikuwa hofu ya safari peke yake. Nilikuwa nimechekwa.

Daktari Rayhana alitoka chumbani na glavu mikononi. Alisema, kwa upole ambao jana niliuona kuwa ujanja, "Baba, mgonjwa ana haki ya kumbukumbu zake, nami sina sababu ya kuzizuia. Nipe siku mbili nitafute mwenyewe." Nilimwambia siku mbili ninazo za kupanda ndege, za kutafuta sina. Nilieleza sheria ya taarifa za mtu binafsi kana kwamba niko mbele ya darasa. Haki niliyoidai ilikuwa ya kweli. Tuhuma niliyoibebesha haki hiyo ndiyo iliyokuwa ya uongo.

Saa nane mchana nilifika kituoni hapa. Nilieleza kwa lugha iliyonyooka, nikaaminiwa, kwa kuwa ninajulikana. Nilisisitiza kwamba daftari la wagonjwa la mwaka 2021 lichukuliwe kama kielelezo. Nilimwambia Koplo, "Humo ndimo ulimo uongo wao." Saa tisa na robo Kasiva alitolewa kliniki akiwa kati ya askari wawili, wagonjwa wakitazama. Nilikuwa ng'ambo ya barabara. Alinitazama, akaonekana kama anataka kuniuliza kitu tena, kisha akaacha.

Leo, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, nilifuatana na Linet hadi Gede kumwarifu mama yake kwamba safari imeingia shaka. Linet aliingia uani. Mimi nilibaki nje ya ua wa makuti kama inavyonipasa. Maneno yao niliyasikia yote.

Linet alisema, "Mama, faili lako limeibwa."

"Limeibwa na nani?"

"Karani. Amelala ndani."

"Walitafuta jina gani?"

"Lako, Mama. Lingine lipi?"

"Na langu nani alilipeleka pale? Mimi pale naitwa Jedida."

Mama yake akaendelea, na alisema kwa shida kwa sababu ya taya: "Nesi alisimama mlangoni akaita Jedida, Jedida, Jedida, nikainuka nikaenda. Mkwe angeniandika nani? Nilirudi nikawaambia kina mama wa kanisani kwamba huyu niliyepewa ana adabu zake."

Kisha akapaza sauti kuelekea ua, bila kunisemesha mimi. "Linet, mwambie huyo aliye nje akamtoe mtoto wa watu. Taya langu litangoja."

Bwana Mkuu, nilisimama pale nikijaribu kukumbuka nikiandika jina la binti yangu, nisikumbuke. Kalamu naikumbuka, ilikuwa imefungwa kwa uzi. Benchi la dirishani nalikumbuka. Lakini kwa miaka mingi nimelikwepa jina lile kwa kupitia jina la Jedida, hata njia hiyo ya kando nimesahau kuwa ni ya kando. Nilipoulizwa jina la mgonjwa, mkono ulipita ulikozoea kupita. Miaka minne baadaye nilikuja na pasipoti iliyochapwa, ambayo hainidai kutamka wala kuandika chochote, nikamtaka karani atafute jina ambalo mimi mwenyewe sikulileta.

Nilifika hapa saa mbili kasoro dakika tano. Kwa ruhusa ya Bwana Mkuu, daftari limefunguliwa mbele yenu, ukurasa wa tarehe 9 Machi 2021, mstari wa nne. Pameandikwa: Jedida Ngowa, miaka 70. Mwandiko ni wangu. Daktari amepiga simu kliniki, na nesi amelipata faili kwenye herufi ya J kabla Koplo hajamaliza kutafuta karatasi za kuandikia maelezo haya. Eksirei zote mbili zimo, na maelezo ya upasuaji yamo.

Kabla sijaanza kusema, nilimgeukia Kasiva nikamwambia nimekosa. Hakuninyanyulia sauti. Alisema, "Mwalimu, mimi nilikuuliza." Nikamwambia ni kweli, aliniuliza. Akasema, "Hapa usiniombe msamaha. Hapa ni nani alikusikia ukiniita mwizi? Uliniita mbele ya watu wanaumwa na meno. Wengine walisahau hata kuumwa, wakabaki kunitazama."

Daktari Rayhana amesema kazi ya Kasiva ipo, hakuna aliyemfukuza. Kasiva amejibu kwamba hawezi kurudi kuketi kwenye meza ile ikiwa kila anayengoja anajua tu alivyotoka na hajui kwa nini amerudi. Mchungaji amependekeza niandike barua ya kuomba radhi, ibandikwe kliniki ukutani. Nimeikataa. Barua nitaiandika vizuri mno, na watu wataisifu barua.

Kwa hiyo nautangazia mkutano huu uamuzi wangu, nikijua kwamba hautatimia bila ninyi. Malalamiko yangu nayafuta yote, bila sharti, na namwomba Bwana Mkuu amwachilie Kasiva sasa, kabla ya saa tatu, na daftari lirudishwe lilikotoka. Kisha nawataka mtoke hapa pamoja nami hadi kliniki, kila mmoja wenu aliye chumbani humu, kwa sababu neno langu peke yangu ndilo lililomfunga, na halitoshi peke yake kumfungua. Nitasimama pale pale niliposimama jana na kuwaeleza walio kwenye mabenchi kwamba karani aliuliza swali la haki na mwalimu akamjibu kwa kiburi. Bwana Chifu atanishuhudia Kakuyuni, na Mchungaji atalitamka jambo hili kanisani Jumapili, kwa majina: la Kasiva na langu. Kuhusu faili, sitalipokea mimi. Linet atatia saini kwa niaba ya mama yake, achukue nakala, azitume Chennai leo hii. Kliniki ikiona vyema kutengeneza upya kumbukumbu hiyo kwa jina la kwenye pasipoti, Linet ndiye atakayelisema.

Hayo ndiyo niliyoyaona, niliyoyasikia na niliyoyakosea, nami nayathibitisha kwa hiari yangu.

Saini: L. N. Gona

Maelezo ya afisa: Mimi, Koplo Owen, nimeyaandika maelezo haya kama yalivyotolewa, nikamsomea shahidi, naye akakiri kuwa ni sahihi. Alitakiwa kuketi mara mbili, akaomba kubaki wima. Malalamiko yamefutwa na Mkuu wa Kituo. Mshukiwa aliachiliwa bila mashtaka saa mbili na dakika hamsini na mbili, akakabidhiwa daftari la wagonjwa kwa saini. Waliohudhuria wote waliondoka kituoni kwa miguu kuelekea kliniki, nami nikiwa miongoni mwao kwa amri ya Mkuu wa Kituo. Kasiva Wambua alitangulia.