Kapasita za Kompyuta ya Baba

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha nyuma,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Bingwa,

Hujambo huko ugenini? Kile kikohozi kimeisha? Wifi na watoto hawajambo? Sisi tu wazima, tunashukuru. Mama anakula vizuri, ila macho yanazidi kufifia. Daktari amesema wazi kwamba mwaka huu hautaisha akiwa bado anaweza kusoma.

Ndiyo maana akaniganda niiwashe kompyuta ya Baba, asome mwenyewe yale mzee aliyokuwa akiandika kila jioni.

Nikadhani ni kuchomeka waya tu. Si ulijifungia nayo chumbani siku nzima, ukituagiza chai kila saa, ukatoka unajifuta jasho eti umebadilisha kapasita zote, vile vikopo vidogo vya kuhifadhi umeme? Na mimi ninayekula kwa kutengeneza redio nikakuamini, mjinga mie.

Jumatano nikaifungua. Ptuu! Harufu ya samaki aliyeoza ikanikimbiza mpaka dirishani. Kapasita zikizeeka huvuja, na hizi zilikuwa zimevuja ute wa kahawia bodi nzima, miguu ya mende imegandia humo humo. Zilikuwa zile zile za zamani, vichwa vimevimba, nawe umezipaka rangi ya kucha zing'ae. Rangi yangu ya bluu! Ile niliyomgombeza binti wa jirani kwamba kaiiba, mpaka akalia. Mende nimewasamehe, Bingwa. Wewe unanitia kichefuchefu.

Nimesugua uchafu wako kwa mswaki na spiriti, nikatapika mara moja, nikachomelea kapasita mpya kumi na moja. Nikabonyeza swichi nikiomba Mungu, maana kama ute umekula njia za umeme, basi maneno ya Baba ndiyo yamekwenda. Ikakwaruza, ikanyamaza, ikawaka. Mama akavuta kiti mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

Akasoma kwa sauti, polepole. Mvua, goti la Baba, ugomvi wake na kinyozi. Mama alicheka sana kwa kinyozi. Kisha akafika siku moja baada ya matengenezo yako, sauti ikashuka. Nakunakilia kama ilivyo:

"Leo nimefungua kompyuta. Kijana amenidanganya, kapasita hazikubadilishwa. Sitamwambia. Ataona haya, ataacha kuja kunitazama."

Mama alizima kioo mwenyewe. Aliniomba nisikuandikie habari hii, nami nilimwitikia. Lakini Baba alinyamaza miaka miwili na bado hukuja, hata tulipokwenda kumzika. Nimechoka kunyamaza.

Shangazi anakusalimu, na Mjomba Kipara pia, anauliza kama umenenepa. Wabusu watoto. Mungu akulinde, na akupe uso wa kurudi nao nyumbani macho ya Mama yangali yanakutambua.

Akupendaye, pamoja na kinyaa chote,
Dada yako.