Hodari wa Kuanza

Jumatatu, 3 Machi

Shajara mpya. Nitaandika kila siku, bila kukosa.

Mama mkwe amekuja kukaa nasi wiki mbili. Jana nikipita koridoni nilimsikia jikoni akimwambia mke wangu, "Mumeo ni hodari wa kuanza." Hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana imeniuma. Alikuwa ameuona ukuta wa sebule, nusu kijani, nusu rangi ya zamani. Na rafu yangu ya vitabu isiyo na ubao wa juu.

Basi nimeamua. Kabla hajaondoka nitamaliza kitabu kizima: ile riwaya nene ya mjane aliyekataa kuhama nyumba yake. Niliianza mwaka juzi. Wenzangu humla ng'ombe mzima wakashindwa na mkia. Mimi nilishindwa sikioni.

Jumanne, 4 Machi

Asubuhi mama mkwe aliiona riwaya mezani, akauliza kama anaweza kuitazama. Ningesemaje? Mkwe ni mkwe. Nikampa kwa mikono miwili, na ulimi ukateleza: "Chukua tu, mama. Mimi siku hizi nasomea kwenye kifaa."

Kifaa gani? Nina simu yenye ufa katikati.

Sasa lazima ninunue. Tableti, au kile kidude cha kusomea vitabu tu — kisomeo? Si jambo la kukurupukia.

Alhamisi, 6 Machi

Jana sikuandika. Nilikuwa kwenye utafiti.

Leo kazini, nikiwa nakata lenzi za mteja, nilimuuliza daktari wetu wa macho. Alisema kisomeo hakikumuliki usoni. Jicho linatulia kama kwenye karatasi. Mwenzangu wa meza ya pili, tunayemwita Bwana Chaji kwa sababu hatembei bila waya, akacheka. Kifaa cha kazi moja, alisema, ni kama sufuria ya kuchemshia maji tu. Daktari akamwambia sufuria hiyo ipo, inaitwa birika. Bwana Chaji akageukia waya wake.

Nimetazama video za kulinganisha kutwa nzima. Katikati ya hizo nikakata lenzi ya kulia kwa umbo la kushoto. Daktari hajui bado.

Mama mkwe yuko katikati ya riwaya. Anakunja kona za kurasa. Kitabu changu!

Jumamosi, 8 Machi

Tableti. Bwana Chaji ameshinda. Ina rangi, ina taa, ina kila kitu.

Tatizo ndilo hilo, ina kila kitu. Nilifungua riwaya. Mjane anabishiwa hodi na watu waliokuja kumhamisha — ikaingia meseji ya kundi la ukoo. Shemeji katuma picha ya kichanga chake, tuseme pua ni ya nani. Nikatoa maoni. Watu wakabisha, nikatetea maoni yangu. Kisha ikaja video ya mtu akizibua sinki. Sinki letu halijaziba, lakini niliitazama mpaka mwisho. Angalau nimemaliza kitu.

Jumatatu, 10 Machi

Mama mkwe amemaliza. Tena ameianza upya, polepole. Anasema mara ya kwanza alikuwa na haraka ya kujua. Akaniuliza nimefika wapi.

"Pazuri," nikasema.

Tableti nimemwachia mke wangu. Nimenunua kisomeo. Alinitazama tu, na mimi nikatazama ukuta, nikakuta ni ule wa rangi mbili.

Ijumaa, 14 Machi

Kisomeo ni kitulivu kweli. Hakina pua ya mtoto wa mtu.

Wiki nzima nimekishughulikia: ukubwa wa herufi, umbo la herufi, upana wa pambizo. Nimepakia vitabu ambavyo hata wajukuu wangu hawatavimaliza. Kusoma kwenyewe kumefika asilimia tisa. Mjane bado anabishiwa hodi.

Bwana Chaji anasema mwezi ujao kinatoka kingine, chenye rangi. Sikumsikiliza. Nimeandika tarehe tu.

Jumapili, 16 Machi

Mama mkwe anaondoka. Mikoba iko mlangoni, teksi imeshaitwa.

Alinirudishia riwaya kwa mikono miwili. "Asante, baba. Sasa niambie. Yule mjane, ungekuwa wewe, ungefungua?"

Nikasema hilo ni swali zito, ngoja nikachukue kisomeo nimwonyeshe mahali. Nipo chumbani. Naandika ili nipange la kusema. Kisomeo kimeisha chaji.

Nimefungua kitabu chenyewe. Kile kikadi cha sampuli ya rangi nilichokiweka mwaka juzi, cha kijani, bado kipo kwenye ukurasa uleule. Amesoma kitabu mara mbili, na mara zote mbili amekirudisha kikadi palepale nilipoishia. Kumbe alijua tangu siku ya kwanza. Naona aibu mpaka masikio yanawaka.

Teksi inapiga honi. Mke wangu ananiita, anasema mama atachelewa. Kisha namsikia mama mkwe, taratibu, akimwambia: "Mwache amalize."

Ameketi. Nimesikia kiti kikilia.

Naanza hapa penye kadi. Mjane ameweka mkono kwenye komeo, nje wamenyamaza, na