Sahani ya Zaina

Mjini Baraka, Alhamisi usiku, 1955

Daftari, uniwie radhi kwa kimya changu. Sikutaka kuandika jambo nisilolielewa.

Leo muuguzi amerudi tena kwa ajili ya dada yangu Zaina, aliye katika kambi ya wenye ukoma. Anasema amri imebadilika: kuna vidonge vipya, na mgonjwa aruhusiwa kuvimeza nyumbani kwake.

"Mzee, dada yako hawezi tena kuambukiza muntu. Mumurudishe nyumbani."

Mke wangu hakubishana na vidonge. Aliuliza tu, "Atakula wapi?" Hapa kwetu wanawake na watoto hula sinia moja, kumtengea mtu sahani yake ni kumfukuza bila kusema.

"Mi naogopea batoto," akaongeza. "We unakula na banaume, Baba Saidi. Utaogopa nini?"

Swali hilo limeniudhi kutwa nzima.

Zaina naye ametuma salamu kupitia muuguzi: atakuja na sahani yake mwenyewe, tusihangaike. Afadhali angetutukana.

Kesho baada ya swala ya Ijumaa ukoo utakaa. Nitaandika tukishaamua. Mimi nitasema hivi: akija, sahani hiyo ibaki kambini.