Ukuta wa Chumba cha Mama

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na umpe wifi zake kabla hajakunyang'anya barua asome mwenyewe. Watoto hawajambo? Yule mdogo ameshaota meno? Mimi ni mzima wa afya, ila mikono imepasuka kwa tapentaini na usingizi nimeusahau. Baba naye ni mzima. Najua hujaniuliza habari zake tangu tulipomzika mama, lakini leo utanivumilia, maana barua hii yote ni habari zake.

Onyesho langu lilifunguliwa Jumamosi. Ni langu peke yangu, kwa mara ya kwanza, vyumba vitatu vya jumba la sanaa, na jina langu limebandikwa mlangoni kwa herufi kubwa hadi naona haya kupita chini yake. Vyumba viwili nimetundika picha za rangi ya mafuta: mikono ya mama ikikunja shuka, beseni lake la kunawia, viatu vyake chini ya kitanda. Chumba cha tatu hakina picha. Humo nilijenga ukuta.

Unaukumbuka ule ukuta alioutazama mama kitandani mwaka wote wa mwisho, unyevu ukipanda kutoka sakafuni, rangi ikibambuka, na ule ufa uliotoka dirishani ukaishia juu ya mto wake. Niliujenga upya kwa kumbukumbu, kwa ukubwa ule ule. Madoa niliyatengeneza kwa chai iliyochemka mpaka ikawa nyeusi, kwa masizi, na kwa maji niliyolowekea misumari ikashika kutu. Miezi mingi nilikuwa nikipaka na kubambua, nikipaka na kubambua, watu wakidhani nimerukwa na akili. Mbele yake niliweka kitanda cha mama, kile kile. Pembeni nikabandika kibao chenye jina la kazi: Ukuta Ambao Fundi Hakuupaka.

Fundi ni nani, wewe unajua. Ulimwambia usoni siku ya maziko, mbele ya watu, kwamba alizipaka rangi nyumba za mji mzima akakiacha chumba cha mkewe. Yeye aliinamisha kichwa, wewe ukaondoka. Nami nilikuwa upande wako, kaka. Nilinyamaza tu kwa sababu ndiye niliyebaki naye nyumba moja. Yaliyonishinda kuyasema kwa mdomo niliyasema kwa ukuta, kisha nikamwalika aje ayaone mbele ya wageni. Ndiyo, nilitaka aaibike.

Basi Baba hakungoja Jumamosi. Ijumaa nilishinda kwa mpiga chapa nikingoja kadi, naye huku nyuma akapita akielekea kazini. Mlinzi aliona mzee mwenye ovaroli, ngazi begani na debe mkononi, akamfungulia bila swali. Nani atamzuia fundi siku moja kabla ya shughuli?

Niliporudi, harufu ya rangi ndiyo iliyonipokea. Ukuta wangu ulikuwa mweupe pe! Ufa ameuziba, pote amepiga msasa, mkono wa kwanza wa rangi umekauka na wa pili anaumalizia. Kitanda alikuwa amekifunika kwa magazeti kisipate tone. Nilipandwa na hasira nikakosa pa kuanzia. Nilimwuliza kama anajua alichokifanya. Alisema, huku anavuta rola, kwamba pale chini palimsumbua kidogo kwa sababu ya unyevu, lakini sasa pako sawa. Unyevu, kaka! Ilikuwa chai.

Msimamizi wa jumba, mama mmoja mpole, alinivuta kando akanibembeleza. Kwa maoni yake mzee ameona binti yake amepewa ukuta mbovu, akamwonea huruma, akamsitiri. Nami niliamini hivyo hivyo. Muda wa kutengeneza tena haukuwepo, na kukifunga chumba kulikuwa aibu kubwa zaidi. Tukafungua hivyo hivyo. Kibao hakuna aliyekikumbuka.

Watu walikuja wengi. Wakaingia chumba cha tatu, wakasoma kibao, wakautazama ukuta mweupe, wakatikisa vichwa kama waliokwishaelewa. Mwandishi mmoja wa gazeti alitaka nimweleze maana yake. Nikamwambia hata mimi bado naitafuta. Baba alivaa suti yake ya kahawia akasimama pale ukutani tangu mwanzo hadi mwisho, akimwomba kila anayesogea asiegemee, rangi bado mbichi. Wakamshukuru kwa heshima, wakidhani naye ni sehemu ya onyesho.

Jumapili asubuhi, tukinywa chai, uvumilivu uliniishia. Nilimweleza wazi kwamba ule haukuwa ukuta ulioharibika. Ulikuwa kazi yangu, na ulikuwa ukuta wa chumba cha mama. Alijibu kwamba anajua. Aliutambua kwa ule ufa, mara tu alipoingia. Na kibao alikisoma kabla hajafungua debe.

Sasa kaa chini, kaka. Baba alisema kwamba daktari ndiye aliyemkataza. Kifua cha mama kilikuwa kimeharibika kuliko tulivyoambiwa, na harufu ya rangi ingemziba pumzi. Mama alimwapisha asitueleze, kwa sababu wewe ulikuwa kwenye mitihani ya mwisho na mimi ndiyo kwanza naingia chuo. Na bado mama mwenyewe alikuwa akimwomba aupake, akisahau au akijitia kusahau, naye akimjibu kuwa siku atakayoinuka kitandani, siku hiyo hiyo ataupaka. Ijumaa alipokiona kitanda kitupu mbele ya ule ukuta, alifungua debe. Unakumbuka alivyokuwa akitoka kazini anaoga uani na kubadili nguo kabla hajaingia kwa mama, sisi tukamcheka kwamba uzee umemletea utanashati? Alikuwa anaiondoa ile harufu.

Nilimwuliza kwa nini hakukujibu siku ile makaburini. Alisema angekujibuje, bila kukwambia kwamba mama yako alikuficha, na yeye ndiyo kwanza tumemfukia.

Kaka, tulimwonea. Sina neno jingine. Nililia mbele yake mpaka akaniletea maji, na hata sasa nakuandikia huku nalia. Kwa miezi yote ile niliujenga ukuta wa kumsuta mtu ambaye kosa lake lilikuwa kutimiza ahadi.

Jumatatu nilikwenda kukibandua kile kibao. Ukuta nimeuacha mweupe kama alivyoupaka. Onyesho liko wazi mpaka mwisho wa mwezi ujao. Mimi ni mdogo wako, siwezi kukuamrisha, lakini nakuomba uje.

Msalimie tena wifi, uwabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao. Nilimwambia Baba kwamba nakuandikia, nikamwuliza kama ana salamu.  Alisema nikwambie hana neno na wewe. Na akaniuliza kama watoto wako wanajua kwamba babu yao yuko hai.  Mjibu wewe, kaka.

Akupendaye daima,
mdogo wako,
Kimbaumbau